Ahadi Kwanza, Masharti Baadaye: Historia Fupi ya Ofa Zenye Masharti Yaliyofichwa

Kila anayesikiliza redio za Kiswahili katika eneo letu analifahamu lile tamko la mwisho wa tangazo. Sauti nzito imeshataja gari, pikipiki na fedha taslimu, muziki umeshapanda, kisha inaingia sauti nyingine, yenye haraka kama ya mtu anayekimbizwa, na kusema: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Tangazo linaishia hapo. Ni vigezo gani, ni masharti yepi, na yameandikwa wapi, hatuambiwi.

Sisi tunaojifunza Kiswahili tuna sababu ya kulitazama tamko hilo mara mbili. Kitenzi chake kiko katika hali ya kutendwa na hakina mtenda. Hakina nafsi wala wakati. Yatazingatiwa na nani? Kabla ya kununua au baada ya kununua? Sarufi yenyewe imefunga mlango. Msikilizaji amejulishwa kuwa masharti yapo, na kujulishwa huko peke yake kunahesabiwa kuwa kumetosha.

Katika insha hii nauliza swali la kihistoria: desturi hii ya kutanguliza ahadi na kuliacha sharti nyuma ilikuaje? Hoja yangu ni kwamba masharti yaliyofichwa yalipata nguvu pale mahakama zilipoanza kuwalazimisha wafanyabiashara kutimiza ahadi za matangazo yao. Mfanyabiashara aliyeambiwa na jaji kwamba ahadi ni deni alirudi ofisini akatafuta namna ya kuahidi bila kudaiwa. Nitaionyesha hoja hiyo kwa visa vitatu: mpira wa moshi wa London (1891 hadi 1893), tiketi za bure za Uingereza (1992 na 1993), na vizibo vya soda vya Ufilipino (1992). Kisha nitaeleza kwa nini kisa cha kwanza kinatuhusu hata sisi wa Uganda.

Mpira wa moshi

Kuanzia mwishoni mwa 1889 wimbi la homa ya mafua, influenza, lilipita Ulaya na kurudi tena miaka iliyofuata. Tiba yake haikujulikana, na penye hofu wauza dawa hawakosekani. Huko London, Carbolic Smoke Ball Company iliuza mpira mdogo wenye mrija, uliojazwa unga wa dawa ya karboliki. Mtumiaji aliuweka mrija puani, akaubana mpira, na unga ukatoka kama moshi. Bei yake ilikuwa shilingi 10, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa kawaida wa wakati huo.

Mnamo Novemba 1891 kampuni hiyo ilitangaza katika gazeti la Pall Mall Gazette kwamba ingemlipa pauni 100 mtu yeyote atakayeugua influenza baada ya kuutumia mpira huo mara 3 kwa siku kwa muda wa wiki 2, kwa kufuata maelekezo yaliyochapishwa. Ili watu wasidhani ni mzaha, iliongeza kuwa imeweka pauni 1,000 katika Alliance Bank, mtaa wa Regent.

Bibi Louisa Elizabeth Carlill alinunua mpira mmoja. Aliutumia mara 3 kila siku kuanzia tarehe 20 Novemba 1891 hadi tarehe 17 Januari 1892, siku alipougua influenza. Mume wake, aliyesomea sheria, aliiandikia kampuni kudai zile pauni 100. Barua za mwanzo hazikupata jibu la maana. Baadaye kampuni ilijibu kwamba, ili kujikinga na wadanganyifu, ingemtaka mdai afike ofisini kwake kila siku na kuutumia mpira mbele ya katibu wake.

Tulitazame jibu hilo kwa makini. Katika tangazo hapakuwa na neno hata moja kuhusu kufika ofisini. Sharti hilo lilizaliwa baada ya mteja kununua, baada ya kutumia, baada ya kuugua na baada ya kudai. Tena lilikuwa sharti ambalo hakuna mtu angeweza kulitimiza, maana muda wake ulikuwa umeshapita. Tunaposema "masharti yaliyofichwa" hufikiria herufi ndogo chini ya karatasi. Kisa hiki kinatufundisha kuwa ukubwa wa herufi ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mpangilio wa wakati: ahadi hutangulia, malipo hufuata, sharti huja mwisho.

Kesi ilipofika mahakamani, kampuni ilitetewa na wakili H. H. Asquith, ambaye miaka 16 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Utetezi ulikuwa kwamba tangazo lile lilikuwa majigambo ya kibiashara tu, na kwamba mtu hawezi kuingia mkataba na dunia nzima. Kampuni ilishindwa, ikakata rufaa, na mnamo Desemba 1892 ikashindwa tena mbele ya majaji Lindley, Bowen na A. L. Smith. Majaji walisema kwamba zile pauni 1,000 za benki zilionyesha kuwa kampuni ilikusudia kuchukuliwa kwa uzito. Jaji Bowen alitoa mfano wa mtu anayetangaza zawadi kwa atakayempata mbwa wake aliyepotea: anayemleta mbwa hahitaji kuandika barua kwanza kwamba amekubali kumtafuta. Ofa inaweza kutolewa kwa watu wote, na mkataba ukafungwa na yule atakayetimiza sharti lililotajwa.

Ni muhimu kukumbuka kwamba ofa ile ilikuwa na masharti tangu mwanzo: mara 3 kwa siku, wiki 2, maelekezo yafuatwe. Hakuna aliyeyalalamikia. Yalikuwa wazi, yaliandikwa pamoja na ahadi, na Bibi Carlill aliyatimiza hata kupita kiasi. Kwa hiyo sisemi kwamba kila sharti ni hila. Mfanyabiashara anayo haki ya kuweka mipaka ya ahadi yake. Tatizo huanza pale mipaka inapochorwa mteja akiwa ameshavuka.

Tangazo la pili

Vitabu vingi vya sheria huishia hapo, kwa ushindi wa Bibi Carlill. Kwa mwanahistoria, jambo la kuvutia zaidi lilitokea miezi michache baadaye. Frederick Roe, mwenye haki ya uvumbuzi wa mpira ule, hakufunga biashara. Mnamo Februari 1893 tangazo jipya lilitokea katika Illustrated London News. Safari hii zawadi ilipandishwa kutoka pauni 100 hadi pauni 200, kana kwamba kushindwa mahakamani kumeipa kampuni ujasiri. Lakini chini yake palikuwa na maneno mapya. Mwenye kutaka zawadi alipaswa kwanza kuomba apewe masharti, atie saini nakala yake, na kuiweka katika ofisi ya kampuni London kabla ya kuanza kuutumia mpira. Na ofa ingefungwa mwisho wa Machi mwaka huohuo.

Zawadi imekuwa mara mbili, na njia ya kuifikia imekuwa nyembamba mara nyingi zaidi. Masharti yenyewe hayamo katika tangazo. Lililomo ni tamko kwamba yapo mahali pengine na yatatolewa kwa atakayeomba. Mimi naliona tangazo hilo kuwa babu wa "vigezo na masharti kuzingatiwa". Sisemi kwamba hakukuwa na masharti madogo duniani kabla ya 1893. Kampuni za reli na za meli ziliyachapisha nyuma ya tiketi zao miaka mingi kabla. Ninachosema ni kwamba hapa tunaweza kuona chanzo na matokeo vikifuatana ndani ya miezi michache. Mahakama ilisema: ulichoahidi utakilipa. Mfanyabiashara akajibu: basi nitaahidi kikubwa zaidi, na wakili wangu atachora mipaka pembeni.

Tiketi za bure

Kisa cha pili kinatokea Uingereza hiyohiyo, karne nzima baadaye. Mwaka 1992 uchumi ulikuwa umedorora na maghala ya kampuni ya Hoover yalijaa mashine za kufyonza vumbi na za kufulia ambazo hazikununuliwa. Kampuni ilitangaza kwamba mteja atakayenunua bidhaa zake kwa pauni 100 au zaidi atapata tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi, kwanza za nchi za Ulaya, na baadaye mwaka huohuo za New York au Orlando, Marekani.

Tiketi hizo mbili za Marekani zilikuwa na thamani ya pauni mia kadhaa. Mtu yeyote anayejua kutoa na kujumlisha aliona kuwa hesabu haikai. Ingewezaje kampuni kutoa zawadi yenye thamani kuliko bidhaa yenyewe? Jibu lilikuwa katika masharti. Mteja alipaswa kutuma risiti na ombi ndani ya siku 14. Kampuni ingemtumia fomu, naye airudishe ndani ya siku nyingine 14. Kisha angependekeza viwanja vya ndege, tarehe na miji ya kwenda. Kampuni ilikuwa na haki ya kuyakataa mapendekezo yake, naye angeleta mengine. Matumaini yalikuwa kwamba wateja wengi wangechoka njiani, na wale watakaofika mwisho wangenunua hoteli na bima kupitia mawakala na hivyo kurudisha gharama.

Tofauti na mwaka 1891, sasa kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Uchovu wa mteja ndio uliotegemewa. Lakini wateja hawakuchoka. Watu walinunua mashine ambazo hawakuzihitaji, wakaziuza tena kwa bei ya chini, na kujaza fomu kwa uangalifu. Maombi yalipomiminika, kampuni ikazidiwa, na maelfu wakabaki wakisubiri tiketi ambazo hazikuja. Wakaunda kikundi cha kudai haki yao; wengine wakaenda mahakamani. Mwaka 1993 mteja mmoja wa Cumbria, aliyechoka kusubiri, aliziba njia kwa lori lake na kuizuia gari ya fundi wa Hoover aliyekuwa amekuja kutengeneza mashine yake ya kufulia. Alikaa nayo siku kadhaa, na habari yake ikajaa magazetini.

Mwishowe watu wapatao 220,000 walisafiri, na gharama ikafikia karibu pauni milioni 50. Viongozi watatu wa juu walifukuzwa kazi. Mwaka 1995 kampuni mama ya Marekani, Maytag, iliuza tawi lake la Ulaya kwa kampuni ya Candy ya Italia. Somo la kawaida la kisa hiki katika vitabu vya biashara ni kwamba meneja ajue hesabu. Kwangu mimi somo ni jingine: ofa ile ilijengwa juu ya matarajio kwamba watu wengi hawatapata walichoahidiwa. Ahadi ambayo mwenye kuahidi hawezi kuimudu endapo itadaiwa na wote aliowaahidi haina tofauti na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Namba 349

Wateja wa Uingereza walipata angalau mahakama na magazeti ya kuwasikiliza. Katika mwaka uleule wa 1992, huko Ufilipino, jambo la namna hiyo lilimwaga damu.

Kampuni ya Pepsi nchini humo iliendesha bahati nasibu: chini ya kila kizibo cha chupa palichapishwa namba ya tarakimu tatu, na namba iliyoshinda ilitangazwa kila jioni kwenye televisheni. Zawadi kubwa ilikuwa peso milioni 1, utajiri ambao familia ya kawaida ya Manila isingeweza kuukusanya kwa maisha yote. Jioni ya tarehe 25 Mei 1992 ilitangazwa namba 349. Kumbe kwa kosa la uchapishaji namba hiyo ilikuwa chini ya vizibo karibu 800,000.

Watu walifurika kwenye viwanda vya kampuni na vizibo mikononi. Waliambiwa kwamba vizibo vyao havina namba sahihi ya uhakiki. Kwenye kila kizibo, kando ya ile namba kubwa, palikuwa na alama nyingine ndogo ambayo ilipaswa kulingana na orodha iliyokuwa mikononi mwa kampuni. Mnunuzi aliiona alama hiyo, lakini hakuwa na njia ya kuisoma, kwa maana ya kujua kama ni ya ushindi au la. Ule uliokuwa ufunguo wa masharti ulikuwa kabatini mwa mwenye ofa. Kampuni ilitoa peso 500 kwa kila mwenye kizibo kama ishara ya nia njema, na watu zaidi ya 480,000 walizichukua. Wengine walikataa. Palitokea maandamano, magari ya kampuni yakachomwa moto, mabomu yakarushwa. Mnamo Februari 1993 bomu moja lililolenga gari la soda lilimuua mwalimu na mtoto wa miaka 5. Kwa jumla wanakadiriwa kufa watu wasiopungua watano.

Kesi ziliendelea kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya juu ya Ufilipino iliamua kwamba kampuni haikuwa na wajibu wa kulipa fedha zilizochapishwa kwenye vizibo hivyo, wala fidia. Sharti la namba ya uhakiki lilikuwa sehemu ya kanuni za mchezo, na wenye vizibo hawakuwa nayo.

Tukiziweka pamoja hukumu hizi mbili, ya 1892 na ya 2006, tunaona safari ya miaka 114. Katika ile ya kwanza mteja alishinda kwa sababu sharti halikuwepo katika tangazo. Katika ile ya pili mteja alishindwa kwa sababu sharti lilikuwepo, ingawa ni kampuni pekee iliyojua maana yake. Bila shaka kulikuwa na kosa la kweli la kuchapa, na kulipa peso milioni 1 kwa kila kizibo kungeangusha kampuni yoyote. Hata hivyo hatari yote ya kosa lile ilibebwa na waliokunywa soda, si na waliochapa vizibo. Hiyo ndiyo kazi ambayo masharti hufanya yanapoandikwa na upande mmoja.

Kisa hiki kwetu

Huenda msomaji akauliza haya ya London yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa njia ya moja kwa moja. Amri ya Kifalme ya Uganda ya mwaka 1902 ilileta nchini mwetu sheria ya Uingereza jinsi ilivyokuwa tarehe 11 Agosti 1902. Kenya tarehe yake ni 12 Agosti 1897, na Tanganyika ni 22 Julai 1920. Hukumu ya Bibi Carlill, iliyotolewa Desemba 1892, ilikuwa imeshakomaa katika tarehe zote hizo. Ndiyo maana mwanafunzi wa sheria wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam hujifunza habari za mpira wa moshi katika mwaka wake wa kwanza. Tulirithi hukumu. Na kwa njia ya biashara tulirithi pia jibu la wafanyabiashara kwa hukumu hiyo.

Baadhi ya nchi zetu zimejaribu kwenda mbele zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo yenye ukweli na haki. Sheria ya Kumlinda Mlaji ikafuata mwaka 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mienendo ya kupotosha katika biashara.

Lakini kwetu sharti lina maficho ambayo majaji wa 1892 hawakuhitaji kuyafikiria, nayo ni lugha. Nimepokea kwenye simu ujumbe wa ofa ulioandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, wenye "zawadi", "bure" na "ongeza salio ushinde". Mwishoni palikuwa na anwani ya tovuti ya kusomea masharti. Masharti yenyewe, kurasa kadhaa, yalikuwa kwa Kiingereza cha mawakili, na ili kuyafungua ilinibidi nitumie bando. Ahadi ilikuja bure na kwa lugha ya sokoni. Sharti lilikuja kwa malipo na kwa lugha ya mahakamani. Roe alimtaka mteja wake aombe masharti ofisini London. Sisi tunaombwa tuyafuate katika lugha ambayo mwuza ndizi na mwendesha bodaboda, walengwa wakubwa wa ofa hizo, wengi wao hawaimudu.

Hitimisho

Visa hivi vitatu vinaonyesha kwamba hukumu nzuri haimalizi hila, huilazimisha kuhama. Mwaka 1892 sharti lilibuniwa baada ya madai. Mwaka 1893 lilihamia ofisini. Mwaka 1992 lilihamia kwenye fomu zinazochosha na kwenye alama zisizosomeka. Leo limehamia kwenye tovuti na kwenye lugha nyingine. Kwa hiyo sheria inayotaka herufi ziongezwe ukubwa haitoshi. Kipimo ninachokipendekeza ni chepesi: sharti likae palepale penye ahadi, lisemwe wakati uleule na kwa lugha ileile, kabla fedha haijatoka mfukoni. Ofa isiyoweza kusemwa hivyo isitangazwe.

Katika kazi hiyo wanafunzi wa Kiswahili tuna nafasi. Makampuni huajiri wahitimu wetu kuandika matangazo, na huwalipa kwa kutafsiri ahadi. Anayepewa kazi ya kutafsiri ahadi aulize ni nani atatafsiri masharti. Akijibiwa kwamba tamko la "vigezo na masharti kuzingatiwa" linatosha, aulize lile swali la sarufi ambalo mwalimu yeyote wa darasa la kwanza angeliuliza: na nani?